Harvard na Hesabu ya Weusi

Hoja iliyo mezani ni hii: kwamba kuongezeka kwa wanafunzi weusi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ni ushahidi kuwa chuo hicho kimeirekebisha dhuluma yake ya zamani. Wasemaji wanaofuata ni wa kubuni, na kila mmoja amepewa hoja ambazo watu wa upande wake wamekuwa wakizitoa kwa miaka mingi. Watu, miaka na takwimu wanazozitaja ni za kweli. Kanuni ni zilezile za midahalo tuliyoizoea tangu shuleni: kila upande unasikilizwa, taarifa zinaruhusiwa, na kura hupigwa mwishoni.

MWENYEKITI: Ukumbi utulie. Mtoa hoja, simama utetee hoja yako.

MTOA HOJA: Ahsante, Mheshimiwa Mwenyekiti. Harvard ilianzishwa mwaka 1636. Mweusi wa kwanza kuhitimu shahada ya kwanza pale, Richard Greener, alihitimu mwaka 1870. Hiyo ni miaka 234. Katikati hapo, mwaka 1850, shule ya udaktari ilipokea vijana watatu weusi, mmoja wao Martin Delany. Baadhi ya wenzao weupe wakalalamika kwa maandishi, na mkuu wa shule, Oliver Wendell Holmes, akawaambia watatu wale kwamba muhula wa baridi ukiisha wasirudi. Huko ndiko tulikotoka.

Sasa tazama tulikofika. Mwaka 1990 kijana aitwaye Barack Obama alichaguliwa kuongoza jarida la shule ya sheria, mweusi wa kwanza kulishika. Julai 2023 Claudine Gay, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, alikuwa rais wa chuo kizima. Katika wanafunzi walioingia mwaka huohuo, Weusi walikuwa asilimia 18, ilhali katika idadi ya watu wa Marekani wanakaribia asilimia 14 tu. Tena mlango huo haufunguliwi kwa wenye fedha peke yao. Tangu mwaka wa masomo 2025/26, familia yenye kipato cha kawaida kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka hailipi kitu: si ada, si chakula, si bweni. Kama haya si marekebisho, Mwenyekiti, tuyaiteje?

MPINGA HOJA: Taarifa, Mwenyekiti!

MWENYEKITI: Toa taarifa, Mwalimu.

MPINGA HOJA: Nataka kumpa taarifa ndugu yangu kwamba Profesa Gay alijiuzulu tarehe 2 Januari 2024. Hakuna rais wa Harvard aliyewahi kukaa muda mfupi kuliko huo. Akitutajia siku ya kuingia, atutajie na ya kutoka.

MWENYEKITI: Mtoa hoja, unaipokea taarifa hiyo?

MTOA HOJA: Naipokea, ila nami nimwongezee Mwalimu kilichosahaulika. Aliondoka baada ya mzozo juu ya ushahidi wake mbele ya Bunge la Marekani kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi, na tuhuma za kutumia maandishi ya wengine bila kuwataja ipasavyo. Kuanguka kwa kiongozi mmoja hakufuti mlango uliofunguliwa kwa maelfu. Naomba kuwasilisha.

MWENYEKITI: Mpinga hoja, nafasi ni yako.

MPINGA HOJA: Mheshimiwa Mwenyekiti, huwezi kusema deni limelipwa kabla hujasema lilikopwa kwa nani.

Aprili 2022 Harvard yenyewe ilitoa ripoti kuhusu uhusiano wake na utumwa. Ilikiri kwamba kati ya 1636 na 1783, viongozi, walimu na watumishi wake waliwamiliki watumwa zaidi ya 70. Wanne kati yao, Titus, Venus, Juba na Bilhah, walitumikishwa katika nyumba ya marais wa chuo, nyumba ambayo bado imesimama na tangu 2016 ina kibao chenye majina yao. Ripoti ikasema tena kwamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, zaidi ya theluthi moja ya fedha ambazo watu binafsi walikitolea au kukiahidi chuo zilitoka kwa wanaume watano tu, na utajiri wao ulitokana na utumwa na mazao yaliyolimwa na watumwa. Chuo kikatenga dola milioni 100 kwa ajili ya marekebisho.

Shule ya sheria nayo ina hadithi yake. Familia ya Royall ilikuwa na shamba la miwa katika kisiwa cha Antigua. Mwaka 1736 watawala wa kisiwa walidai wamegundua njama ya uasi. Wakawaua watumwa 88, na 77 kati yao waliwachoma moto. Mwaka uliofuata familia hiyo ilihamia Massachusetts na mali yake, watumwa wakiwemo. Wosia wa Isaac Royall mtoto ndio uliozaa uprofesa wa kwanza wa sheria Harvard, na miganda mitatu ya ngano kutoka katika nembo ya familia yake ikawa nembo ya shule. Wanafunzi wa sheria waliipigania iondolewe, na ikaondolewa Machi 2016.

Basi nauliza: uzao wa watu hawa uko wapi ndani ya asilimia 18 ya ndugu yangu? Mwaka 2004, wahitimu weusi wa Harvard walipokutana, Profesa Henry Louis Gates na Profesa Lani Guinier, wote wa palepale, waliuliza swali hilohilo hadharani. Wakati huo Weusi walikuwa takriban asilimia 8 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kwa makadirio yao wengi wa hao, huenda hata theluthi mbili, walikuwa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi na Afrika, au watoto wa wahamiaji hao, na wachache watoto wa ndoa za mchanganyiko. Wale ambao babu na bibi zao wote wanne walizaliwa Marekani, yaani uzao wa watumwa wa kule, walikuwa karibu theluthi moja tu. Chuo kiliwahesabu wote pamoja, kikaandika neno moja, Weusi, na kikapongezwa.

MZAZI: Mwenyekiti, naomba nichangie.

MWENYEKITI: Karibu, mama.

MZAZI: Mimi si msomi wa historia. Mdogo wangu aliondoka Mombasa miaka mingi iliyopita, sasa ni nesi Columbus, Ohio, analala saa nne kwa siku. Binti yake amezaliwa kule. Ni mwanangu huyo, na amejaza fomu za Harvard. Mwalimu, unataka kuniambia kwamba akichaguliwa atakuwa amekalia kiti cha mwenzake?

MPINGA HOJA: Hapana, mama. Mwanao akichaguliwa ni jasho lake na la mama yake. Ninalolikataa ni chuo kumchukua mwanao, kumwonyesha kwa watu ambao wazee wao walitumikishwa Massachusetts na Antigua, kisha kusema: mnaona, tumemalizana. Mtoto wa nesi wa Mombasa hawezi kuwa risiti ya deni la Antigua.

MTOA HOJA: Taarifa, Mwenyekiti! Mwalimu amemtaja Profesa Lani Guinier. Naomba nimtaje baba yake. Ewart Guinier alizaliwa Panama, wazazi wake Wajamaika. Mwaka 1929 aliingia Harvard. Alinyimwa nafasi bwenini, akanyimwa na msaada wa fedha, na baada ya miaka miwili akaondoka kwenda kumalizia masomo New York. Waliomnyima hawakumuuliza babu yake alizikwa wapi. Waliona rangi, ikatosha. Na mwaka 1969, wanafunzi walipokidai chuo kwa nguvu idara ya masomo ya Wamarekani weusi, mwenyekiti wa kwanza aliyeletwa kuiongoza ni Guinier huyohuyo, mtoto wa wahamiaji.

Kama huyo hatoshi, nimtaje Mjaluo. Baba yake Obama, naye Barack Obama, alifika Harvard mwaka 1962 kusomea uzamivu wa uchumi. Alifaulu mitihani, ikabaki tasnifu. Maofisa wa chuo, wakizungumza na idara ya uhamiaji juu ya mambo ya ndoa zake, wakaona afadhali arudi kwao. Mwaka 1964 akarejea Kenya bila shahada aliyoifuata. Mlango uliofungwa kwa rangi, Mwenyekiti, ufunguliwe kwa rangi. Hayo ya kuchagua Mweusi yupi ni kuwafanyia hesabu waliotutenga.

MWENYEKITI: Mwalimu, unaipokea?

MPINGA HOJA: Naipokea yote, na inanisaidia mimi. Ndugu yangu ametuonyesha kwamba ubaguzi wa mlangoni uliwapata Weusi wote. Kweli. Basi kuufungua mlango huo kwa Weusi wote ni kuacha kudhulumu, na nakipongeza chuo kwa kuacha. Lakini hoja yake haikusema kimeacha, imesema kimerekebisha. Aliyekunyang'anya shamba, siku anapoacha kunyang'anya mashamba ya watu hajakurudishia lako.

MWENYEKITI: Wakili amenyoosha mkono tangu mwanzo. Karibu.

MWANASHERIA: Ahsante. Nawasikiliza wote wawili wakibishana juu ya hesabu ambayo haipo tena. Tarehe 29 Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilivikataza vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha udahili. Katika kesi ya Harvard kura zilikuwa 6 kwa 2; Jaji Ketanji Brown Jackson, mhitimu wa chuo hicho, alijiweka kando kwa kuwa aliwahi kuwa mjumbe wa bodi yake ya waangalizi. Ile asilimia 18 ya mwaka 2023 ikawa 14 mwaka 2024, na 11.5 mwaka 2025. Kama idadi ndiyo ushahidi wa marekebisho, basi marekebisho yenyewe yanarudi nyuma mbele ya macho yetu.

Jambo la pili. Mahakama ilisema mwombaji bado anaweza kueleza katika insha yake jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake. Kwa hiyo chuo ambacho kimejaza makabati kwa kumbukumbu za watumwa wake hakiruhusiwi kumpa mtu uzito kwa kuwa ni mweusi, ila kijana wa miaka 17 anaruhusiwa kuwaandikia wasiomjua machungu ya nyumbani kwao, wayasome, wayapime.

La tatu ni lile ambalo kesi yenyewe ililitoa hadharani. Wataalamu waliochambua takwimu zilizowasilishwa mahakamani walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 43 ya Weupe waliochaguliwa Harvard walikuwa ama wanamichezo walioalikwa na chuo, ama watoto wa wahitimu, ama watoto wa waajiriwa, ama majina yaliyo katika orodha maalumu ya mkuu wa udahili, wakiwemo jamaa za wafadhili. Kwa Weusi, Waasia na Walatino, kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia 16. Mahakama haikuigusa njia hiyo.

MTOA HOJA: Lakini Wakili, hukumu ile ina upande wake wa haki. Jaji Clarence Thomas, mweusi, alihitimu sheria Yale mwaka 1974, na ameeleza jinsi waajiri walivyokidharau cheti chake wakidhani amependelewa, hata akabandika kwenye fremu yake kibandiko cha bei, senti 15. Upendeleo ukiondolewa, si shaka nayo itaondoka? Mwanafunzi mweusi atakayeingia sasa hataulizwa tena ameingiaje.

MPINGA HOJA: Mwenyekiti, hilo nitalijibu kwa tarehe tu. W.E.B. Du Bois aliingia Harvard mwaka 1888, akiwa tayari na shahada kutoka chuo cha Fisk. Wakati huo hapakuwa na upendeleo wa Weusi popote Marekani. Aliomba kujiunga na kwaya ya chuo, akakataliwa. Alipanga chumba mjini katika nyumba ya mama mweusi, akasoma, na mwaka 1895 akawa mweusi wa kwanza kupata uzamivu pale. Shaka ilikuwepo kabla ya upendeleo.

Miaka 27 baadaye, mwaka 1922, Roscoe Conkling Bruce, mhitimu wa Harvard na mtoto wa seneta, aliomba nafasi ya bweni kwa ajili ya mwanawe. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walitakiwa kukaa bwenini kwa lazima. Rais wa chuo, Lawrence Lowell, akamjibu kwamba mabweni hayo si kwa Weusi. Hapa hapakuwa na shaka juu ya akili ya mtoto. Baba yake alikuwa amehitimu palepale. Magazeti yakapiga kelele, na mwaka 1923 bodi ikaamua kwamba asizuiwe mtu kwa rangi yake, lakini ikaongeza kwamba Weupe na Weusi wasilazimishwe kuishi na kula pamoja. Ndiyo, na papo hapo lakini.

MZAZI: Hayo ni ya mababu, Mwalimu. Mimi nataka kujua ya leo. Mwanangu akifika ataishi vipi?

MWANASHERIA: Mama, nikujibu kwa yale ambayo wanafunzi wenyewe waliyatoa hadharani. Machi 2014, wanafunzi weusi zaidi ya 60 walipigwa picha wakiwa wameshika vibao vyenye maneno waliyowahi kuambiwa. Mmoja aliulizwa kama anajua kusoma. Mwingine aliambiwa ana bahati kuwa mweusi, maana kwake kuingia chuo ni rahisi. Picha zile zilienea hadi wanafunzi wa Oxford wakapiga za kwao. Novemba 2015, katika shule ya sheria, watu waliamka wakakuta picha za maprofesa weusi ukutani zimebandikwa utepe mweusi usoni. Na Profesa Gates, ambaye jina lake limetajwa humu kwa heshima, Julai 2009 alirudi safari ya China akakuta mlango wa nyumba yake umekwama. Akausukuma akisaidiana na dereva. Polisi wakapigiwa simu, na mwishowe akatiwa pingu nyumbani kwake mwenyewe. Mashtaka yalifutwa baada ya siku chache. Aliyepiga simu hakujua kama yule ni profesa au ni mhamiaji wa juzi.

MZAZI: Kwa hiyo hapo ndipo mwanangu na mtoto wa yule wa Antigua wanapokuwa sawa. Kwenye kushukiwa.

MPINGA HOJA: Umesema kweli tupu, mama. Katika kushukiwa ni ndugu. Katika kudai, kila mmoja ana daftari lake, na ninaloliomba ni madaftari hayo yasichanganywe.

MTOA HOJA: Mwenyekiti, hapa namwogopa Mwalimu kidogo. Ukianza kuwagawa Weusi kwa babu, utawafanya wagombane wao kwa wao huku watoto wa wafadhili wakipita pembeni. Mimi natokea pwani. Najua jinsi kuulizana asili kunavyoweza kuvunja mtaa. Isitoshe, idara yenyewe ya masomo ya Weusi sasa ni ya Kiafrika pia. Tangu mwaka 2003 jina lake lina Afrika na Wamarekani weusi kwa pamoja, na Kiswahili kinafundishwa humo. Umoja huo ni mali, usiuvunje.

MPINGA HOJA: Ugomvi hauletwi na anayetaja deni. Unaletwa na mdaiwa anayelipa mtu mwingine. Na kwamba inawezekana kulitaja bila kuvunja mtaa, mfano upo. Mwaka 1838 Wajesuiti wenye chuo cha Georgetown, Washington, waliuza watu 272 ili chuo kijikwamue na madeni. Mwaka 2016 Georgetown iliamua kwamba uzao wa watu hao, wakiomba kujiunga, watatazamwa kwa uzito uleule unaopewa watoto wa wahitimu. Hakuna Mnigeria wala Mkenya aliyefukuzwa ili hilo lifanyike. Wazao walitafutwa kwa majina, na chuo kikawaweka katika foleni ileile ambayo wenye majina walikuwa wakipita siku zote.

MWANASHERIA: Niongeze taarifa kwa upande wa Harvard. Ripoti ya 2022 nayo ilipendekeza uzao wa watumwa wa chuo utafutwe. Kazi ikaanza. Januari 2025 chuo kikawaachisha kazi watafiti wake wa ndani waliokuwa wakiifanya, kikaikabidhi kwa shirika la nje la nasaba, American Ancestors. Kazi haijafa, lakini imetoka mikononi mwa mdaiwa.

MTOA HOJA: Hata kuondoa nembo ya Royall si alama ya kurekebisha?

MPINGA HOJA: Hilo nalo lina mambo, na hapa upande wangu wenyewe haukuwa mmoja. Katika kamati iliyopendekeza nembo iondolewe, Profesa Annette Gordon-Reed, mwanahistoria mweusi wa palepale, alikataa. Aliona afadhali ibaki na iunganishwe na habari za watumwa ambao kazi yao ndiyo iliyolipia shule, kuliko kuifuta na kuwasahau pamoja nayo. Namwelewa. Mdaiwa akichana karatasi ya deni mbele ya watu, wapo watakaomshangilia.

MZAZI: Mwenyekiti, dakika moja tu. Mimi nitampigia mwanangu simu leo. Nitamwambia fomu zake zisirudi nyuma, na akichaguliwa aende. Ila nitamwambia pia asome habari za Titus na Venus kabla hajasoma orodha ya vilabu. Na kama kuna siku wenzake wa uzao ule watasimama kudai, asikae pembeni akisema hayo si yetu. Ameingia kwa mlango ambao wao ndio waliokaa mbele yake wakiupiga ngumi.

MWENYEKITI: Nimewasikia. Kabla ya kura natumia mamlaka ya kiti kuigawa hoja, kwa sababu imetufungia mambo mawili kwa kamba moja. Sehemu ya kwanza: kwamba Harvard imeacha kumzuia mtu mlangoni kwa sababu ya weusi wake. Wanaoafiki waseme ndiyo.

UKUMBI: Ndiyo!

MWENYEKITI: Wasioafiki?

MWANASHERIA: Siyo, mimi peke yangu, kwa sababu ya watoto wa orodha maalumu.

MWENYEKITI: Iingie kwenye kumbukumbu. Waliosema ndiyo wameshinda. Sehemu ya pili: kwamba kwa kufanya hivyo Harvard imeirekebisha dhuluma yake ya zamani. Wanaoafiki?

MTOA HOJA: Ndiyo, Mwenyekiti, ingawa nabaki katika wachache.

MWENYEKITI: Wasioafiki?

UKUMBI: Siyo!

MWENYEKITI: Waliosema siyo wameshinda. Mtoa hoja usikate tamaa. Hoja yako haijafa, imeahirishwa. Ilete tena siku wadai watakapokuwa wamepatikana kwa majina na kuulizwa wenyewe kama wamelipwa. Kikao kimefungwa.